Shajara ya mradi: pateni tano za kipupwe kutoka toleo jipya, Mwanjelwa, Mbeya

Machi 4

Magazeti yaliyo mezani ni mawili: Burda la Machi na la Oktoba lililopita. Sababu ni majira. Gazeti hili la pateni (michoro ya kukatia nguo), ambalo Aenne Burda alilianzisha Offenburg, Ujerumani, mwaka 1950, hufuata majira ya huko, na mwezi Machi baridi yao inaaga. Mbeya mvua bado inanyesha, na ikikatika ndipo kipupwe kinaingia, Juni hadi Agosti. Nguo inayochaguliwa leo itavaliwa Juni, kwa hiyo toleo jipya linatupa mashati ya mikono mirefu, koti jepesi na magauni ya kitambaa chenye uzito kidogo. Vya sufu tunarudi kuvitafuta kwenye la Oktoba. Fundi anayefuata gazeti mwezi kwa mwezi, Julai itamkuta anapiga pasi magauni ya mikanda mabegani, na pale Uyole asubuhi watu wamejitanda mashuka.

Baridi ya nyanda za juu ina tabia yake, nayo inaamua mengi. Alfajiri inauma, saa sita jua linachoma, jioni koti linatafutwa tena. Nguo nzito lazima ifunguke mbele ili ivulike bila shida. Pateni zote za nguo nzito zinazovaliwa kwa kupitisha kichwani zimeondolewa leo, hata ile moja iliyokuwa nzuri kuliko zote kwenye picha.

Lengo: pateni tano zilizokwisha kujaribiwa, ukubwa 38 hadi 48, kabla Aprili haijaisha.

Upitiaji tunauanza nyuma ya gazeti, kwenye michoro ya mistari. Picha inaficha. Gauni linaweza kuwa limebanwa na pini mgongoni, mkanda unafunika mshono wa kiuno, na kitambaa cheusi kinameza mishono yote. Mchoro unasema kweli: mshono upo wapi, zipu inakaa ubavuni au mgongoni, mkono una vipande vingapi, umbo la kifua linatokana na dati (ile mishono ya pembetatu) au na mishono mirefu inayoshuka kutoka begani. Pateni yenye mishono mirefu ni rahisi kurekebisha kuliko yenye dati, kwa sababu kila mshono ni mahali pa kuongeza au kupunguza. Kwa wateja wenye maumbo mbalimbali, hiyo peke yake inatosha kuifanya ichaguliwe.

Baada ya mchoro, idadi ya vipande. Koti jepesi lenye mkanda lina vipande 17, gauni la kupanuka chini lina 6. Kazi haiongezeki kwa uwiano huo. Inaongezeka zaidi, kwa sababu vipande vya ziada vya koti ni kola, mifuko na kafu za mikono, na hivyo ndivyo vinavyokula muda.

Zimebaki tisa.

Machi 6

Leo ni futi (utepe wa kupimia) na jedwali la vipimo. Namba za gazeti si namba za dukani wala za lebo ya mtumba. Ukubwa 40 ni kifua sm 92, 42 ni 96, 44 ni 100: hatua ya sm 4 kati ya namba hizi. Ukubwa wa kawaida unachorwa kwa mtu wa urefu wa sm 168. Kuna namba za warefu, sm 176, ambazo ni mara mbili ya namba ya kawaida: 76 ni mwili wa 38. Kuna na za wafupi, sm 160, ambazo ni nusu yake: 20 ni mwili wa 40. Anayekutana na 20 bila kujua hili hudhani ni nguo ya mtoto na kuipita, kumbe ndiyo ingewafaa wateja wengi.

Blauzi, gauni na koti huchaguliwa kwa kifua. Sketi na suruali kwa hipsi. Kosa linalorudi kila msimu ni kuchagua sketi kwa kiuno, kisha hipsi zinakataa kupita. Kiuno ni rahisi kupunguza. Hipsi zikikosa kitambaa hakuna dawa.

Mfano uliofanyiwa kazi leo: sketi iliyonyooka, hipsi zimeangukia 44, ila kiuno cha mvaaji kinahitaji sm 76 na pateni inatoa 84. Ziada ni sm 8. Ukiitoa yote ubavuni, mshono unapinda kama bakuli na nguo inatokeza kibonge juu ya nyonga. Tumeigawanya hivi: sm 1 kwenye kila ukingo wa ubavu, kingo nne, jumla 4, dati mbili mpya nyuma za sm 1.5 kila moja, jumla 3, sm 0.5 kila upande wa mshono wa katikati ya mgongo, jumla 1. Dati mpya zina urefu wa sm 11, fupi kuliko za awali, ili ncha zisifike kwenye sehemu nene ya nyonga. Sketi imelala vizuri nyuma. Imechaguliwa, na hatutaizungumzia tena.

Urefu wa mgongo, toka mfupa wa shingo hadi kiuno, tunaupima kila mara. Pateni ikizidi, ipunguzwe kwa kuikunja kati ya kifua na kiuno, mbele na nyuma sawasawa. Ukikata pindo tu, kiuno cha nguo kinabaki chini ya kiuno cha mtu, na mikunjo inajaa mgongoni juu ya makalio. Mteja huwa anasema nguo imembana. Ukweli ni kwamba imemzidi urefu mahali pasipofaa.

Machi 9

Kunakili. Karatasi kubwa ya pateni imejaa mistari ya nguo nyingi iliyopandana, kwa rangi tofauti, na kila ukubwa una mtindo wake wa vistari na nukta. Ukiitazama yote kwa pamoja macho yanachoka kabla mkono haujaanza. Njia ni hii: maelezo ya nguo yanataja karatasi, rangi na namba za vipande. Tafuta namba ya kipande pembeni mwa karatasi, kwa rangi ileile, kisha ingia ndani moja kwa moja hadi uikute tena kwenye mstari wake. Kabla ya kunakili, pitisha kalamu ya rangi ya mafuta juu ya mstari wa ukubwa wako tu, taratibu, kuzunguka kipande chote. Dakika kumi hizo zinaokoa saa.

Tunanakili kwenye nailoni nyembamba inayoonyesha chini, halafu kipande kitakachotumika mara nyingi tunakihamishia kwenye karatasi ya kaki. Nailoni haipendi kalamu ya wino wa kawaida, wino unafutika kwa kidole. Kalamu ya kuandikia sidii ndiyo inayoshika. Msimu huu wa mvua karatasi nyembamba hainyooki. Inavuta unyevu, inajikunja kingo, na mstari mrefu wa ubavu unaweza kuhama milimita kadhaa.

Kinachosahaulika si mistari ya nje. Ni vya ndani: mshale wa mwelekeo wa uzi, vikato vya kuunganishia, namba ndogo za mishono zinazoonyesha kipi kinakutana na kipi, mahali pa mfuko, mwisho wa zipu. Kipande kirefu cha koti kimechapwa kwa sehemu mbili ili kienee kwenye karatasi. Lazima zigundishwe kwenye mstari wa kuungia kabla ya kukata kitambaa. Vipande vya mstatili, kama mkanda, havichorwi kabisa, vinatajwa kwa vipimo kwenye maelezo. Hapo soma sentensi hadi mwisho ujue kama nyongeza ya mshono imo au haimo.

Kwa vipande vilivyochorwa, nyongeza haimo. Mstari wa pateni ndio mstari wa kushonea. Tunaongeza sm 1.5 kwenye mishono na sm 4 kwenye pindo, tukichora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa. Asiyeongeza hupoteza sm 1.5 mara nne kuzunguka kifua, yaani sm 6, ambazo ni ukubwa mmoja na nusu. Nguo nyingi zinazosemwa kwamba namba za gazeti ni ndogo zimekufa hivyo.

Machi 13

Kitambaa. Gazeti linapanga vipande kwenye upana wa sm 140 au 150. Vitambaa vya suti na gabadini vinavyopatikana sokoni Mwanjelwa vina upana huo, ila kitenge kina sm 112 hadi 115. Mita zilizoandikwa gazetini haziwezi kuhamishwa hivihivi, na kanuni ya «ongeza nusu» inadanganya mara nyingi. Upangaji unafanywa upya sakafuni.

Gauni la kupanuka chini, ukubwa 44. Mbele lina upana wa sm 34 pamoja na nyongeza, nyuma 33, urefu 118. Kitambaa cha 140 kikikunjwa kinatoa 70: mbele na nyuma vinalala sambamba, jumla 67. Mikono ya sm 62 inafuata chini yake, kwa hiyo mita 1.80 na kidogo zinatosha. Kitenge kikikunjwa kinatoa 57 hivi. Mbele na nyuma havikai pamoja, kila kimoja kinadai urefu wake: 118 na 118, ni mita 2.36. Mkono una upana wa sm 40, nao hauingii kwenye sm 23 zilizobaki pembeni ya mbele, hivyo unashuka chini: mita 2.98. Vipande vya ndani vya shingo vinatoka kwenye mabaki ya pembeni. Tunahesabu mita 3.2, yaani yadi tatu na nusu, ili pabaki nafasi ya kulinganisha maua. Kitenge cha yadi 6 ni mita 5.49, kinabaki cha kilemba na blauzi ya mikono mifupi.

Maua makubwa yana mwelekeo. Ndege wakitazama juu, vipande vyote vinawekwa vikitazama juu, hakuna kugeuza kimoja ili kuokoa nafasi. Na duara kubwa lisiangukie kifuani upande mmoja tu. Weka pateni, tazama kitambaa kinasema nini kwenye kifua na kwenye tumbo, ndipo ushike mkasi.

Kabla ya yote kitambaa kinafuliwa. Tumekata kipande cha sm 20 kwa 20, kikalowekwa, kikaanikwa kivulini na kupigwa pasi: kimerudi sm 19 kwa urefu. Hiyo ni asilimia 5. Kwenye gauni la sm 112 ni sm 5.6, tofauti ya gauni la kufunika goti na la kuliacha wazi. Kitambaa chote kimefuliwa leo. Anga la mawingu litafanya kikauke kwa siku mbili.

Pateni mbili zimeondolewa hapa. Gauni la kufunga ubavuni lilichorwa kwa jezi inayovutika: sm 10 zikivutwa zifike 12.5 bila kulazimisha. Kwenye kitenge lisingeingia mabegani. Sketi iliyokatwa mshazari nayo imetoka: upana wa kitenge haubebi kipande chake bila kuungia, na maua yanalala kama yameanguka. Ya tatu, suruali pana, haina kosa, ila bwelasuti za mwaka jana zimeshawatosha wateja wa aina hiyo.

Zimebaki sita.

Machi 20

Majaribio ya koti jepesi kwa kitambaa cha marekani, mshono wa hatua ndefu mm 4 ili ufumuke kwa urahisi, bila kola wala mifuko. Ukubwa 40.

Gazeti limelichora livaliwe juu ya blauzi. Hapa litavaliwa juu ya sweta, na sweta linahesabiwa. Kifua cha sm 92 kikivikwa sweta kimepimwa 98. Pateni ikipimwa ikiwa imelala, nusu ya mbele na nusu ya nyuma kwenye mstari wa kifua, bila nyongeza za mishono, ni 52.5, maana yake nguo ikikamilika ni 105. Juu ya blauzi zinabaki sm 13, raha tupu. Juu ya sweta zinabaki 7, na mikono haiwezi kunyanyuka kushika bomba la daladala. Tunataka angalau 12 juu ya sweta, kwa hiyo 110.

Sm 5 zimegawanywa kwenye kingo nne za ubavu, 1.25 kila moja. Mkono nao umepata 1.25 kila upande chini ya kwapa, na kwapa limeshushwa sm 1 kwenye mwili na kwenye mkono pia. Kimoja kikisahauliwa, mkono hauingii kwenye tundu lake.

Kukata ukubwa 44 badala ya hayo yote ndiyo njia ya mkato inayopendwa, nayo ni mbaya. Bega linapanuka pamoja na kifua, shingo inapanuka, kola inasimama mbali na shingo na upepo wa mlima Loleza unaingia hadi mgongoni. Mwili haukukua, ni sweta tu.

Machi 21

Jaribio la pili la koti. Mikono inapanda, kola imekaa. Limechaguliwa.

Machi 27

Gauni la kitenge, mkono. Hapa ndipo nguo nyingi za gazeti zinapoharibikia mikononi mwa mafundi wazuri, na kosa si lao.

Kichwa cha mkono huchorwa kikubwa kuliko tundu la kwapa. Ziada hiyo hukusanywa kidogokidogo kwa uzi ili mkono uviringe begani. Sufu inakubali: ukiipa mvuke, inajikaza na ziada inayeyuka. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa kubana, hakijikazi, na kila milimita inayozidi inabaki kama kikunjo juu ya bega. Tumepima kwa kusimamisha futi kwenye mstari wa kushonea: kwapa sm 46.5, kichwa cha mkono 50.3. Ziada ni 3.8. Kwenye kitenge tunataka kama 2.

Kichwa cha mkono kimepunguzwa urefu kwa sm 1: pateni inakunjwa kwa ulalo nusu ya njia kati ya kilele na kikato, kisha ukingo unachorwa upya kwa mkono mmoja bila kukatika. Kipimo kipya 48.6, ziada 2.1. Uzi wa kukusanya umepita kati ya vikato tu, mistari miwili, mm 5 na mm 10 kutoka ukingoni. Hakuna kikunjo kilichotokea. Sindano namba 14. Ya 11 ilikuwa inakwama kwenye sehemu zenye nta ya chapa, na mshono unaruka.

Blauzi ya mikono mirefu ina mkono wa kushuka bega, ziada yake haifiki sm 1. Imepita bila kuguswa.

Aprili 3

Koti fupi la sufu, toleo la Oktoba. Kitambaa cha sufu cha kukata kwa mita ni adimu na bei yake inamkimbiza mteja, kwa hiyo chanzo ni makoti marefu ya mtumba. Chagua la kiume, kubwa, lenye mshono mmoja mgongoni na lisilo na mifuko ya kukatwa mbele karibu na kifua. Lishike juu ya mwanga: nondo huacha matundu madogo yasiyoonekana koti likiwa limelala mezani.

Fumua mishono, usikate kando yake. Ile sm 1.5 iliyofichwa ndani unaihitaji. Fua kwa maji baridi bila kusugua, kausha bapa. Maji ya moto yanaigeuza sufu kuwa blanketi. Kisha papasa kwa kiganja: upande mmoja unateleza, mwingine unakwaruza. Vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo jua la saa sita litaonyesha koti la rangi mbili.

Pateni yenye mishono mirefu begani inashinda hapa pia: vipande vyembamba vinaenea kwenye mabaki ya koti kuukuu. Pateni ya sita, yenye mgongo mzima na mikono ya kipande kimoja na mwili, imetoka leo kwa sababu hiyo tu.

Kitambaa kigumu cha kubandika kwenye kola kimetoa mapovu mara ya kwanza. Sababu ni pasi kuburuzwa. Pasi inakandamizwa sekunde 10 hadi 12, inanyanyuliwa, inahamishwa, na kipande kinaachwa kipoe kabla hakijaguswa. Kitambaa cha pamba chenye unyevu kikae kati ya pasi na sufu. Anayetumia pasi ya mkaa aikung'ute nje kwanza, kwani cheche moja inatoboa. Sindano namba 16, bitana ya kuteleza ili mkono wa sweta usigande ndani.

Aprili 11

Tano zimetimia: koti jepesi, koti fupi la sufu, gauni la kitenge, blauzi, sketi. Kila moja ina bahasha ya kaki. Juu yake yameandikwa toleo, ukubwa, idadi ya vipande, kama nyongeza imo au haimo, na marekebisho kwa sentimita, kwa mfano: «koti jepesi 40, ubavu +1.25 kingo nne, kwapa −1, kwa kuvaa na sweta». Bahasha ya gauni ina maelezo mawili ya mkono, la kitenge na la sufu, kwa sababu mkono uliopunguzwa ukitumika kwenye sufu utaonekana mkavu begani.

Kwa wateja wa Kyela koti jepesi linakatwa bila nyongeza ya sweta. Kule ziwani joto halina utani.

Bado: koti jepesi katika 46 na 48. Tayari karatasi imetiwa alama kwa kalamu ya kijani. Kunakili kunaanza Jumatatu, mvua ikiruhusu mwanga dirishani.